Kabla hujaidharau randa

Mjukuu wangu, kaa hapo. Haya nilimwambia baba yako, nikamwambia kaka yako, na sauti yenyewe imeshaanza kukauka. Lakini umekataa kwenda kwa fundi wa mashua kwa kuwa unangoja nafasi ya sheria Chuo Kikuu cha Lubumbashi, basi nitayarudia, taratibu.

Hapa Kasenga, enzi za Wabelgiji, biashara ya samaki ilikuwa mikononi mwa Wagiriki. Walinunua samaki wa Luapula na Ziwa Mweru, wakawalaza kwenye barafu, malori yakawapeleka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Samaki walitaka mashua, na mashua zikataka mafundi: vijana wetu, na wengine waliovuka mto kutoka ng'ambo, Zambia ya leo. Wagiriki wengi walikwisha kwenda zao. Ujuzi wa kuunda mashua haukwenda nao, maana waliokuwa wakishika mbao walikuwa pia wakitazama.

Mtazame fundi anapoziba mwanya kati ya mbao mbili. Anausokomeza uzi wa pamba kwa patasi butu, wala hapigi kwa hasira. Pamba ikipungua, maji yatapita. Ikizidi, mbao zikivimba majini zitasukumana hadi misumari ilegee. Basi anasikiliza nyundo; mlio ukibadilika, anajua pamba imekaa, anasogea mbele. Na usidhani ni mikono tu. Pembe za mataruma ni hesabu ile ile uliyoikimbia darasani.

Au watazame watu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, mimi sijui. Sisemi kwamba mafundi wao walitajirika. Wapo waliohangaika kama wengine. Ila aliyejua umeme au kuunga vyuma alikuwa na kitu cha kuuza mtaani. Aliyekuwa na jina la kampuni tu, lile jina halikumnunulia unga.

Sikukatazi vitabu. Chuo kikuu kikikuita, nenda. Ninachokataa ni huku kungoja kivulini huku mama yako akikuoshea shati. Pale Lubumbashi ipo INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi tangu 1964, na watawa Wasalesiani wana shule yao ya ufundi, Cité des Jeunes. Ukienda, maliza. Nusu fundi ni hatari kuliko asiyejua kitu, kwa sababu huyu wa pili hapewi kazi. Mshono wa chuma unaweza kung'aa juu na ndani umejaa taka, na watu wakapanda juu yake wakiamini.

Kesho asubuhi shuka mtoni. Fundi amekubali uanze kwa kufagia maranda na kunoa patasi. Wiki ya kwanza usimuulize mshahara. Muulize kwa nini ubao ule ameukata mshazari. Ukishajua kama unataka mbao, umeme au vyuma, nauli ya Lubumbashi tutaitafuta. Mbuzi wa kuuza bado yupo.