Ahadi ya Mchezaji

Mwaka 1999, mjini Richmond, California, Ken Carter, mwalimu wa mpira wa kikapu, aliufunga kwa kufuli ukumbi wa mazoezi wa shule ya sekondari. Timu yake ilikuwa haijashindwa. Lakini wachezaji kadhaa walikuwa wamevunja ahadi, waliyoitia sahihi, ya kuhudhuria masomo na kufaulu. Watu wengine wakanung'unika.

Je, ni haki mwaminifu kuzuiwa kwa kosa la mwenziwe? Ni jambo chungu. Walakini wanaogawana ushindi hawawezi kukataa kugawana aibu. Mcheza kwao hutunzwa; na tunzo bora ya mzazi si makofi, bali kumtaka mwanawe atimize neno lake hata siku ya ushindi. Mpira huachwa ujanani. Neno la mtu humfuata mpaka kaburini.