Urithi Asiougawa Kadhi

Enyi vijana wetu, baba akifariki, kadhi humpa kila mrithi fungu lake, hata aliye mvivu. Elimu haigawiwi hivyo. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, naye ni mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo yuko kijana ajisifuye kwa ukoo wa wanavyuoni, na barua ya babu yake hawezi kuisoma, ingawa herufi zake ni karibu zile zile alizosomea Qur'ani chuoni! Je, huyu amerithi nini? Makaratasi, tena mchwa wamekwisha kuyaanza. Basi kila baada ya Alasiri shika mstari mmoja, na neno likikushinda mwulize bibi, maadamu yu hai.