Marehemu na Moto: Nafsi ya Usemaji katika Suala la Jehanamu

Utangulizi

Makala haya yananuia kulichunguza swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelijadili kwa karne nyingi: yawezekanaje Mungu mwenye upendo usio na kikomo akaiumba jehanamu, au akairuhusu iwepo? Hatudai kuwa na ujuzi wa wanatheolojia. Tunalikabili swali hili tukiwa wahakiki wa fasihi, yaani watu ambao kazi yao ni kuuliza nani anasema, anamsemesha nani, na kwa lugha gani. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa swali hili hutokana na nafsi ya kisarufi inayotumiwa katika kulizungumzia.

Swali lenyewe halikuanzia maktabani bali makaburini. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alihudhuria mazishi ya binamu yake, mtu aliyekuwa ametawaliwa na ulevi kwa muda mrefu na aliyefia njiani usiku akirudi nyumbani. Mhubiri aliyeongoza ibada alisimama kando ya jeneza akatangaza kwamba marehemu hakuwa ameokoka, kwamba wakati ule tulipokuwa tukiimba yeye alikuwa tayari motoni, na kwamba sisi tuliobaki hatuna budi kujifunza. Mamake marehemu, ambaye ni shangazi ya mwandishi, hakulia. Watu walipotawanyika alimwita mpwa wake kando akamwuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Yule amejuaje?" Hakupata jibu siku hiyo. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa tumechelewa.

Majibu ya Wanafikra

Kimantiki, tatizo hili lina kauli tatu. Kwanza, Mungu anawapenda watu wote. Pili, Mungu anaweza kutimiza alitakalo. Tatu, wako watu watakaoteseka motoni milele. Ni vigumu kuzishika kauli zote tatu kwa pamoja bila kuilegeza mojawapo, na historia ya mjadala huu ni historia ya kuchagua ipi ilegezwe.

Origen wa Aleksandria, aliyeishi katika karne ya 2 na ya 3, aliilegeza kauli ya tatu. Kwake yeye moto ni wa kutakasa, na mwishowe viumbe vitarejea kwa Muumba wao. Mafundisho yaliyohusishwa na jina lake yalilaaniwa mwaka 553, enzi ya Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli. Augustine wa Hippo (354–430), katika kitabu cha 21 cha Mji wa Mungu, alishikilia kwamba adhabu ya milele ni ya haki, akawajibu mmoja baada ya mwingine Wakristo wa zama zake waliotaka kuipunguza kwa kisingizio cha huruma. Katika karne ya 20, C. S. Lewis aliilegeza kauli ya pili. Katika The Problem of Pain (1940) anadai kwamba Mungu amejiwekea mpaka kwa kumpa binadamu hiari, hivi kwamba milango ya jehanamu imefungwa kutoka ndani na hao hao waliomo.

Mjadala unaolingana na huu umekuwamo katika Uislamu pia. Wamutazila walishikilia kwamba akili ya binadamu inaweza kuitambua haki, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hawezi kuacha kutimiza ahadi yake wala onyo lake. Waashari walijibu kwamba haki ya Mungu haipimwi kwa mizani ya waja wake. Katika karne ya 14 Ibn Qayyim al-Jawziyya, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, alizijadili kwa kina hoja za wanaosema kwamba moto una mwisho, akizingatia kuwa rehema ni sifa ya Mungu mwenyewe ilhali adhabu ni tendo tu miongoni mwa matendo yake. Ikumbukwe kuwa sura 113 kati ya 114 za Kurani hufunguliwa kwa kutaja rehema.

Hatukusudii kuamua kati ya wanafikra hawa. Tunachotaka kukidhihirisha ni kwamba, pamoja na tofauti zao zote, wanapolijadili suala hili kama fumbo la kimantiki huzungumza katika nafsi ya tatu. Wanaoungua ni "wao". Msemaji amesimama pembeni, mahali pasipofikiwa na joto, akiupima urefu wa adhabu ya mtu mwingine. Mhubiri wa mazishini naye alisimama papo hapo, isipokuwa yeye hakuwa na elimu ya Augustine wala wasiwasi wa Origen.

Moyo Unaosemeshwa

Sasa tuugeukie utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wakati fahari ya Pate ilipokuwa imekwisha kuporomoka, na ambao wasomi wengi waliufahamu kupitia toleo la William Hichens la mwaka 1939. Aghalabu utenzi huu hufundishwa kama ombolezo la mji: majumba yaliyokuwa yaking'aa kwa taa, sasa makao ya popo na ndege. Lakini unaelekea Kiyama na kuishia katika maelezo ya jehanamu, ambapo moto unatajwa kwa majina yake mbalimbali. Msomaji wa leo huenda akaiona sehemu hiyo ya mwisho kuwa ya kutisha tu, na tumewahi kuwasikia wanafunzi wakiuliza kama mshairi huyu alimjua Mungu wa rehema.

Swali hilo hupungua ukali tunapozingatia nani anasemeshwa. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Moyo ndio unaoambiwa kwamba umeghafilika, moyo ndio unaoonyeshwa magofu, na moyo ndio unaotajiwa moto. Hapa hatumpati msemaji aliyeokoka akiwatazama waliopotea. Msemaji na msemeshwa ni mtu mmoja, na hatari ni yake.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni jinsi mshairi anavyowataja wafu. Wako aliowajua, jamaa zake wakiwamo, na anawataja kwa majina akiuliza wako wapi. Kama angetaka kuhukumu, nafasi aliipata, kwani waliishi maisha ya anasa na kiburi. Jibu analolitoa ni kaburi: wamelala katika nyumba ya mchanga, finyu na yenye giza. Wafu wenye majina anawafikisha kaburini na kuwaachia hapo. Moto anautaja baadaye, na anapoutaja anamgeukia yule mmoja ambaye bado ana nafasi ya kugeuka, yaani yeye mwenyewe. Mpaka huu kati ya kaburi, ambalo tunaliona, na moto, ambao hatuuoni, ndio aliouruka mhubiri wetu.

Kwa hiyo, jehanamu ya Al-Inkishafi ni onyo, na onyo halina maana ila kwa mtu anayeweza kulisikia. Mtu anapomwambia mwenziwe, "Usipite huko, kuna shimo," upendo umo katika kauli hiyo. Mwenzi huyo akishatumbukia, anayesimama ukingoni na kutangaza kina cha shimo hana tena upendo wa kudai.

Hofu Inayowekwa Mikononi mwa Mwingine

Huenda ikasemwa kwamba onyo kwa nafsi ya pili lina kazi yake pia, na kwamba hofu ya moto imewarudi wengi. Hatukatai. Hata hivyo, fasihi yetu ina ushahidi wa upande wa pili. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi (1944–2020) anamwonyesha Zakaria, baba mlevi asiyeweza kujitawala, akimpiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali huo haukumfunza Rosa kuchagua mema. Ulimnyima tu nafasi ya kujifunza, na alipotoka chini ya macho ya babake hakuwa na nguvu ya ndani ya kumlinda. Mwisho wake ni kujiua.

Zakaria si mfano wa Mungu, na itakuwa kosa kuisoma riwaya hiyo kama istiari ya kitheolojia. Lakini inatufunza jambo moja la kimaadili: anayemtisha mwingine kwa adhabu ilhali yeye mwenyewe hajajiweka chini ya onyo hilo hazai wema. Zakaria alikuwa na mengi ya kuuambia moyo wake kabla ya kuishika barua ya bintiye.

Dai la Mdhulumiwa

Pingamizi zito zaidi linatoka kwingine. Iwapo jehanamu itasemwa katika nafsi ya kwanza pekee, tumwambie nini mtu aliyedhulumiwa? Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki iliripoti mwaka huo huo kwamba vifo 1,133 vilitokana na ghasia za baada ya uchaguzi. Je, mzazi aliyempoteza mtoto katika moto ule aambiwe kwamba kutaja moto wa Mungu ni ukosefu wa upendo? Mungu asiyemwuliza mwuaji chochote atakuwa amempenda mwuaji kwa kumtupa aliyeuawa. Mzazi anayemtazama mtoto mmoja akimpiga mwenziwe na kutabasamu tu hampendi hata mmoja wao.

Pingamizi hili tunalikubali, na tunaona kwamba Al-Inkishafi inalikubali pia. Katika maelezo ya Kiyama, mdhulumiwa anapewa nafasi ya kusimama na kumdai aliyemdhulumu. Hakuna fedha ya kulipia siku hiyo, kwa hiyo deni linalipwa kwa thawabu, na zikikosekana, kwa kubebeshwa dhambi za aliyedhulumiwa. Hukumu hapa si kinyume cha upendo. Ndiyo njia ambayo upendo unamfikia mtu ambaye mahakama za dunia hazikumfikia.

Walakini kuna tofauti kati ya dai na tangazo. Mdhulumiwa humwambia Mungu, "Namdai huyu." Anasema kwa nafsi yake, juu ya jeraha lake, na anamsemesha mwenye uwezo wa kuhukumu. Mhubiri wa mazishini hakudhulumiwa na binamu yetu, wala hakumsemesha Mungu. Aliwasemesha waombolezaji juu ya mtu asiyeweza tena kujibu. Wa kwanza anaomba hukumu, wa pili ameinyakua.

Isitoshe, dai la mdhulumiwa lina kipimo. Deni likihesabiwa kwa thawabu na dhambi, basi ni deni linaloweza kutimia. Hatudai kwamba Sayyid Abdalla aliukana umilele wa moto. Hatuoni ushahidi wa kusema hivyo. Tunasema tu kwamba haki ya mdhulumiwa, ambayo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuitetea jehanamu, inatufikisha kwenye hesabu, haitufikishi kwenye adhabu isiyo na ukomo. Anayetaka umilele itambidi autafutie hoja nyingine, nasi bado hatujaiona ile inayoweza kusimama mbele ya upendo bila kuona haya. Hapo tunawaachia wanatheolojia.

Hitimisho

John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), alieleza kwamba jamii nyingi za Kiafrika hazikutarajia hukumu wala ujira baada ya kifo. Aliyekufa aliendelea kuwa jamaa, akakumbukwa kwa jina na wale waliomjua. Ukristo na Uislamu vimeibadilisha picha hiyo, na hatupendekezi kwamba irejeshwe. Lakini hisia ya kwamba mfu bado ni ndugu, na kwamba hasemwi kama mgeni, haijatutoka. Ndiyo iliyomfanya shangazi yetu asilie.

Lugha yetu nayo ina jambo la kusema. Neno "marehemu" tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni moja na ya "rehema" na "Rahimu". Maana yake ni aliyerehemiwa. Kiswahili hakikuliwekea masharti. Mlevi huitwa marehemu, na mcha Mungu huitwa marehemu, na Mkristo, Mwislamu na asiye na dini hulitumia neno hilo hilo. Baadhi ya wanaolitumia hulichukulia kuwa dua, wengine hawafikirii asili yake kamwe. Vyovyote iwavyo, mhubiri aliyesema kwamba marehemu yuko motoni alitamka, bila kujua, sentensi inayojipinga: aliyerehemiwa hakurehemiwa. Etimolojia haithibitishi lolote kuhusu akhera. Inachothibitisha ni kwamba vizazi vilivyotuachia lugha hii vilikubali kumtaja mfu kwa jina la kumtakia mema, na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Sasa namrudia shangazi yangu, na hapa sina budi kuiacha "sisi" ya kitaaluma. Shangazi, hakujua. Hakuna mtu awezaye kujua hilo juu ya mtu mwingine. Ukiniuliza kama moto upo, nitakujibu kwamba ninapoufikiria nafikiria kwanza usiku ule mwanao aliponipigia simu nami nikaiacha simu iite hadi ikanyamaza, kwa kuwa nilijua amelewa. Akisimama siku moja kunidai, atakuwa na haki. Nami natumaini kwamba yule atakayetusikiliza sote wawili ndiye yule yule ambaye kwa rehema zake tunamwita mwanao marehemu.