Sindano, Mtoto na Uhalali wa Kuikumbuka Zamani

Swali la iwapo binadamu ana wajibu wowote kwa kazi za mikono za waliomtangulia ni la falsafa ya maadili kabla ya kuwa la sanaa au biashara, na katika Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, hujitokeza kila mtu mzima anapomfundisha mtoto kushona na kumrithisha, pamoja na mshono, maumbo na marembo ya siku zilizopita. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa njia ya kuwaenzi wazee, na wapo wanaoiona kuwa ni kujiliwaza kwa watu wanaoogopa mabadiliko. Makala haya yanatetea hoja kwamba shauku ya zamani, yaani hali ya moyo kuvutwa na maisha yaliyokwisha kupita, hupata uhalali inapopitia mikononi, kwa kuwa mkono unaojifunza kutengeneza kitu hulazimika kuujua ugumu wake, ilhali jicho linalopendezwa na umbo lake halilazimiki kujua chochote.

Pingamizi kubwa dhidi ya shauku hiyo ni kwamba kumbukumbu huchagua, na mara nyingi husahau dhiki iliyokizaa kitu kinachopendwa. Makoroboi, eneo la biashara lililo katikati ya jiji, lilipata jina lake kutokana na koroboi, taa ndogo za mafuta ya taa ambazo mafundi walizitengeneza kwa makopo na mabati yaliyokwisha kutumika. Mtu aliyezaliwa kwenye umeme anaweza kuitundika koroboi ukutani kama pambo, lakini aliyedurusu masomo yake kwa mwanga wake hukumbuka pia moshi, masizi puani na hofu ya moto. Kiraka nacho kina historia ya namna hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu nchini Tanzania, na hata eneo la Mwanza, lililolima pamba na kuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, halikunusurika, hadi masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984 na baadaye mitumba ikaingia kwa wingi. Anayekisifu kiraka leo kwa uzuri wake pasipo kuutaja uhaba uliokilazimisha anawadhulumu waliokivaa, maana anachukua alama ya mateso yao na kuacha mateso yenyewe.

Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linahusu kumbukumbu ya kutazama, nayo kumbukumbu ya kutenda huenda njia nyingine. Mtoto anayefundishwa kushona pindo la leso hukunja ukingo mara mbili ili nyuzi zinazochambuka zifichwe ndani, kisha hupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayoushikilia mkunjo, na ndipo hushona mishono midogo ya kudumu kabla ya kuichomoa bandi. Uzi ukivutwa mno kitambaa hujikunyata, ukilegezwa pindo huning'inia, na ukikatwa mrefu kupita kiasi hujisokota na kufunga mafundo njiani. Fundi aliyeketi kwenye cherehani kwa miaka mingi hawezi kueleza kwa maneno uzi uvutwe kwa nguvu kiasi gani. Humshika mtoto mkono, humwachia, kisha humwamuru afumue aanze upya. Mwanafalsafa Michael Polanyi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, aliyachambua maarifa ya aina hii, yale ambayo mwenye nayo huyatumia kwa uhakika bila kuweza kuyaeleza yote, na akaonyesha kwamba hata sayansi huyategemea. Ikiwa ndivyo, ushonaji hauwezi kuhesabiwa kuwa shughuli ya wale walioshindwa masomo, kwa sababu ndani yake mna elimu inayopotea pindi mtu wa mwisho mwenye nayo anapokufa kabla ya kumshika mwingine mkono.

Kufumua ndiko kunakobeba uzito wa kimaadili katika kazi hii. Kitambaa hakibembelezeki wala hakidanganyiki, na mshono uliopinda hubaki umepinda hata kama mtoto ni wa tajiri au mwalimu wake ana huruma, kwa hiyo mtoto hukutana mapema na ukweli usiotegemea cheo cha mtu. Dini kuu mbili za watu wa Mwanza zinaupa ukweli huo nafasi ya heshima. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi wajane wa Yafa walivyomwonyesha Petro nguo alizowashonea Dorkasi, ambazo ndizo zilizokuwa ushahidi wa maisha yake, na Kurani, katika sura ya Al-Anbiyaa, inaihesabu elimu ya kutengeneza mavazi ya vita aliyopewa Nabii Daudi kuwa neema inayodai shukrani. Katika masimulizi yote mawili thamani ya kazi hupimwa kwa mwili unaokingwa, wa mjane au wa mpiganaji, na urembo wa kitu hufuata baada ya hapo.

Linabaki suala la mtoto mwenyewe, ambaye hakuomba kurithishwa chochote. Methali ya samaki mkunje angali mbichi humfanya mtoto kuwa kitu kinachokunjwa, na wapo waliojificha nyuma yake ili kuhalalisha utumikishaji wa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na kwa kufanya hivyo ilichora mpaka unaohitajiwa pia na falsafa: mtoto anayeshona vifungo mia ili mwingine alipwe anatumiwa, na mtoto anayeshona kifungo cha shati lake mwenyewe analelewa. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, ulikusudia kazi ya mikono iwe sehemu ya kufikiri, lakini pale shuleni jembe na ufagio vilipogeuzwa kuwa adhabu, watoto walijifunza kuidharau kazi ileile waliyotakiwa kuiheshimu.

Kipimo cha urithi mwema, basi, kitafutwe katika kile ambacho mrithi anaweza kukifanya baadaye. Pale Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji, Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha katika miaka ya 1950 kituo kilichokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma, na alama za utawala wa kitemi, utawala wa jadi uliofutwa nchini mwaka 1963, zikatumika hata katika mapambo ya kanisa. Mtu anaweza kuhoji kama padri mgeni alikuwa na haki ya kuhamisha maana ya kiti na ngoma za watemi, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo uhamishaji wenyewe unaonyesha kwamba umbo la kale hubaki hai likikubali kazi mpya mikononi mwa wanaoujua uzito wake. Vivyo hivyo mtoto wa Igogo au Mkuyuni anayefundishwa rembo la bibi yake hana deni la kulirudia kama lilivyo. Deni lake ni kulishona kwa usahihi mara moja, ili siku atakapoamua kulibadilisha, au kuliacha kabisa, awe anakataa kitu anachokijua.