Haki ya Kupumzika: Yako na ya Anayekubebea Mzigo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba wake.

 Likizo inakaribia, na baadhi yetu hapa Mbarara tunapanga safari ya Kasese kupanda Rwenzori, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Wakati mwingine waongozaji humshauri mpandaji akae siku nzima kambini, kwa mfano Bujuku, karibu mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyembamba. Kijana mwenye nguvu huona siku hiyo imepotea bure. Dini inasemaje?

Katika Surat An-Nabai, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ameifanya milima kuwa vigingi, na aya mbili baadaye, kwamba ameufanya usingizi wetu kuwa mapumziko. Aliyewahi kufunga hema kwenye upepo anajua kazi ya kigingi. Mlima umewekwa usimame. Binadamu ameumbwa achoke. Na katika Surat Qaf anatueleza kuwa aliumba mbingu na ardhi kwa siku sita bila kuguswa na uchovu. Kutochoka ni sifa Yake peke Yake. Basi anayepumzika anakiri kwamba yeye ni mja.

Mtume (S.A.W.) alikuta kamba imefungwa msikitini baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynab, huishika anapochoka katika sala. Akaamuru ifunguliwe, akaelekeza mtu asali akiwa na nguvu, na akichoka aketi. Ikiwa ibada ya sunna imewekewa mpaka, sembuse kilele cha mlima?

Lakini ndugu zangu, haki hiyo si yako peke yako. Siku hiyo wewe umelala hemani, nani ameteka maji? Nani anapika? Wachukuzi wa Rwenzori, wengi wao Wakonzo, wamepanda njia ileile ya matope, na mzigo wako uko mgongoni mwao. Mtume aliwaagiza wasafiri wapitao penye majani mengi wawape ngamia haki yao. Ikiwa ngamia ana haki njiani, mwanadamu je? Na katika Hadithi ya Abu Dharr alikataza kumkalifisha mtumishi kazi inayomshinda. Na ukimkalifisha, umsaidie. Basi siku ya mapumziko osha sahani yako. Teka maji yako ya udhu. Muulize mchukuzi amelalaje, na mkishuka mpe ujira wake kamili.

Wapo kati yetu tuliokulia Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro. Kwetu sisi hema si jambo la likizo. Wazazi wetu wengi walianza maisha pale chini ya turubai. Mwanafunzi wa namna hiyo huona haya kupumzika, mlimani au hata bwenini, wakati mama yake amepanga foleni ya chakula. Ndugu yangu, uchovu wako haumshibishi mama. Usijinyime alichokupa Mola wako. Pumzika, ushukuru, kisha uipeleke haki hiyo nyumbani: likizo hii ukifika Nakivale, mpokee mama jerikani kichwani, shika jembe lake, umwambie, "Mama, leo keti."

Hapo ndipo mapumziko yanapokuwa ibada. Anayelala huku mwenzake analemewa amepata usingizi tu. Anayepumzika na kumpumzisha mwenzake ameshukuru.

Ewe Mwenyezi Mungu, wahifadhi wasafiri wetu, wapumzishe wazazi wetu, na usitufanye mzigo juu ya migongo ya waja Wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.