Tawakali na Kitanzi Kilichochakaa

Tarehe 23 Oktoba 2006, Todd Skinner, mpanda miamba mashuhuri wa Marekani, alikuwa akiteremka kwa kamba kwenye mwamba wa Leaning Tower, Yosemite. Kitanzi cha mbele cha mkanda wake, kile kinachobeba uzito wote wa mpandaji, kikakatika. Akaanguka, akafa. Kitanzi kilikuwa kimechakaa. Mwenzake alishakiona na kumwambia, na mikanda mipya ilikuwa imeagizwa.

Kifo kama hicho huamsha swali la kale: anayemtegemea Mungu ana haja gani ya kukagua vifaa? Wapo waumini wanaosema siku ikifika imefika, basi. Mafundisho yenyewe hayasemi hivyo. Tirmidhi amepokea hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali; akaamriwa amfunge, ndipo atawakali. Katika Injili ya Mathayo, Yesu akiwa juu ya kinara cha hekalu anakataa kujitupa chini kwa tamaa ya kudakwa na malaika. Huko ni kumjaribu Mungu.

Kwa hiyo kuchagua mkanda wa kupandia ni sehemu ya imani, wala si kasoro yake. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukazwe hadi usiweze kuvuka nyonga hata mtu akipinduka kichwa chini. Vitanzi vya mapajani viache mguu unyanyuke bila kubanwa. Mnunuzi aning'inie humo dukani kwa dakika kadhaa, maana mkanda ulio laini mtu akiwa amesimama unaweza kumkata mapaja ukishabeba mwili. Vile vitanzi vya pembeni ni vya kutundikia vifaa tu, havibebi mtu. Nailoni nayo huchoka. Jua na msuguano huila polepole, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 hata kwa mkanda ambao haujatumika.

Kuna wanaoona starehe ni anasa isiyomfaa mtu jasiri. Hawajafikiri vizuri: anayeumia mapaja huwaza mapaja yake, hawazi mwamba.

Hata hivyo mkanda mzuri haumwondolei mtu wajibu wa kuwa macho. Mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, bingwa Lynn Hill alivaa mkanda wake, akapitisha kamba, lakini hakumaliza kufunga fundo, na koti likalificha. Alipojiachia juu akaanguka zaidi ya mita 20. Mti ulimpunguzia kasi, akapona.

Basi anayekwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, kupanda mnara wa Fischer kwa mkanda wa kukodi, akipapase kwanza kitanzi cha mbele kwa vidole, pande zote mbili. Akikuta nyuzi zimechomoza au zimekakamaa, aurudishe na kuomba mwingine. Kisha asali, apande.