Pentekoste na Mtoto wa Fundo

Neno Pentekoste ni la Kiyunani, maana yake ni ya hamsini. Wayahudi waliihesabu siku hiyo tangu Pasaka na kuifanya sikukuu ya mavuno. Wakristo tunaihesabu tangu kufufuka kwa Yesu, na tunaadhimisha kushuka kwa Roho Mtakatifu. Hayo nilifundishwa utotoni huko bara. Lililobaki nilifundishwa Fundo, kisiwa kilicho mbele ya Wete, Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu na hapana aliyekusudia kunihubiria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nilivuka kwa mashua kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kijana mwenyewe alikuwa Mpemba. Alimwita mtoto wa miaka minane hivi atuhadithie jambo aliloliona. Mtoto akasimama, akaanza kwa furaha: ntu kapanda nti, kaanguka, kavunjika nkono. Nikamkata kauli. "Si ntu, ni mtu. Mtu amepanda mti." Akarudia nilivyotaka, mara moja, kisha akaketi. Hata leo sijaambiwa kama aliyeanguka alipona.

Tulipokuwa tukingoja maji yajae ili mashua iondoke, yule kijana aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, samahani. Ulimfahamu yule mtoto?"

"Nilimfahamu."

Hakuongeza neno. Akanishikia mkoba mpaka chomboni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Pentekoste. Ikasomwa sura ya pili ya Matendo ya Mitume, pamoja na ile orodha ya mataifa ambayo wasomaji wengi huikimbilia: Waparthi, Wamedi, Waelami, hadi Wakrete na Waarabu. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya alikozaliwa. Nadhani wengi wao wangeweza kuelewana kwa Kiyunani au Kiaramu, na kazi ingekwenda. Roho hakuchukua njia hiyo fupi. Wala hakuirudisha dunia katika lugha moja ya kabla ya Babeli; aliziacha zote, akapita ndani ya kila moja.

Na aliyesimama kuhutubu ni Petro, Mgalilaya. Usiku wa kukamatwa kwa Yesu, katika ua wa kuhani mkuu, matamshi yake ndiyo yaliyomfichua, akaapa kwamba hamjui Bwana. Hazikupita siku sitini, akapaza sauti mbele ya umati kwa ulimi ule ule. (Aliwaambia wenye dhihaka kwamba hawakulewa, kwani ilikuwa saa tatu ya mchana tu. Mwingereza hapo hana budi apige hesabu. Sisi twaelewa papo hapo, maana saa zetu nazo huanzia mapambazuko.)

Sisemi kwamba Kiswahili sanifu ni kosa. Tangu kamati ya lugha ya mwaka 1930 ilipoanza kazi kwa msingi wa Kiunguja, tumepata vitabu ambavyo mtoto wa Masasi na wa Micheweni huvisoma pamoja. Mimi, ambaye mama yangu hakusema Kiswahili, nisingepata kazi bila hicho. Lakini Askofu Edward Steere, alipofika Unguja mwaka 1864, alianza kwa kuketi na kuwasikiliza wenyeji. Kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo kilitoka mwaka 1870. Alisikiliza kwanza, akaandika baadaye. Mimi nilikwenda Fundo nimekwisha kuandika.

Baada ya hapo niliendelea kusahihisha, maana mtihani hauna huruma, ila nilimwacha mtoto amalize hadithi yake kwanza. Lakini katika fomu ya ukaguzi nilikuwa nimempunguzia yule kijana alama, kwa kuyaacha makosa ya mwanafunzi yapite. Nilirudi chuoni Jumatatu nikiwa na nia ya kuibadilisha. Fomu ilikuwa imekwisha kupelekwa, nami niliona haya kuiomba.